Lami, goko na triathloni ya kwanza: namna ya kuzoesha miguu ardhi ngumu

Triathloni fupi, ile ambayo waanzaji wengi huingia nayo mchezoni, ni kuogelea mita 750, kuendesha baiskeli kilomita 20, kisha kukimbia kilomita 5, vyote mfululizo. Ipo pia ya chini zaidi: mita 400, kilomita 10 na kilomita 2.5. Wengi wakishajiandikisha huhofia maji, na maji yanastahili heshima. Lakini majeraha ya kipindi cha maandalizi hutoka zaidi kwenye mbio, na sababu yake haina fumbo. Majini mwili unaelea, kwenye baiskeli umekalia kiti, kwenye mbio kila hatua unatua.

Tuzihesabu hizo hatua. Anayekimbia kilomita moja kwa dakika 7 hupiga hatua kama 165 kila dakika. Kilomita 5 zitamchukua dakika 35, ambazo ni hatua karibu 5,800, na kila mguu utakuwa umetua mara 2,900. Kila unapotua hupokea mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 ni kama kilo 175 zinazopita kwenye wayo, goko (mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti), goti na nyonga, na kabla nusu sekunde haijatimia mguu wa pili nao umeshabeba zamu yake.

Lami inamaliza magoti?

Akitoka nyumbani, mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja mjini hukutana na lami, zege au vitofali vya pevingi. Ndiyo maana kauli ya kwamba lami humaliza magoti imeenea sana. Kauli hiyo inawatisha watu bure. Mguu una akili yake: ukitua pagumu, goti na kifundo hukunjika zaidi kidogo, ukitua palaini, misuli hukaza. Kwa hiyo mzigo unaofika mwilini hautofautiani sana kama macho yanavyodhani, na watu wanaokimbia kwa kiasi kwa miaka mingi hawaonekani kulika gegedu za magoti kuliko wale wasiokimbia kabisa.

Kinachoumiza ni mambo mawili. La kwanza ni kuongeza ghafla. La pili ni kurudia mtuo ule ule: lami imenyooka, hivyo mguu hutua vilevile mara 2,900 na sehemu ileile ya mfupa hupigwa. Kwenye barabara ya vumbi kila hatua ina tofauti yake kidogo, na mzigo hugawanyika.

Hapa ndipo mwanatriathloni mpya anapoponzwa na bidii yake mwenyewe. Mfupa ni kitu hai. Ukipewa kazi mpya, seli zake huanza kwa kuchimba na kuondoa sehemu iliyochoka, halafu nyingine huja kujaza mfupa mpya. Mzunguko huo huchukua takriban miezi mitatu hadi minne, na katikati yake kuna majuma ambayo mfupa umechimbwa lakini haujajazwa. Moyo na mapafu hayasubiri hivyo. Kwa wiki chache za kuogelea na baiskeli pumzi inakuwa nzuri. Matokeo yake ni mtu ambaye moyo wake unaweza kukimbia kilomita 8 bila kuhema, lakini goko lake lina uwezo wa kilomita 2. Anajisikia vizuri, anaongeza, na wiki ya nne au ya tano goko linaanza kulalamika. Pumzi isiwe kipimo cha kukuambia ukimbie kiasi gani.

Mgawanyo wa wiki 12

Siku tatu za kukimbia kwa wiki zinatosha kabisa, na zisifuatane. Siku nyingine ni za maji na baiskeli, ambako moyo utafanyishwa kazi bila mguu kutua.

Wiki ya 1 hadi ya 3, kila siku ya mbio kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8. Siku mbili zifanyike kwenye moramu au nyasi, siku moja kwenye lami. Wiki ya 4 hadi ya 6, kimbia dakika 3, tembea dakika 1, mara 6. Mgawanyo wa ardhi ubaki uleule. Wiki ya 7 punguza theluthi moja ya yote, hata kama unajisikia simba. Wiki ya 8 hadi ya 10 anza kukimbia bila kutembea, dakika 20, kisha 25, kisha 30, ardhi ikigawanywa vilevile. Wiki ya 11, siku ya lami, kimbia kilomita 5 nzima kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Wiki ya 12 ni ya kupumzisha miguu kabla ya mashindano.

Kanuni inayolinda mpango huu ni kuongeza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: ama dakika, ama kasi, ama sehemu ya lami. Anayeongeza dakika 5 na kubadilisha njia kutoka uwanja wa nyasi kwenda lami wiki hiyohiyo ameongeza vitu viwili, hata kama saa yake inaonyesha kimoja.

Wapo wanaoikwepa lami mpaka siku yenyewe. Hilo nalo ni kosa. Mashindano mengi hukimbiwa kwenye lami, na mguu uliozoea nyasi tupu utaikuta lami kwa mara ya kwanza ukiwa umeshachoshwa na baiskeli.

Kuzijua ardhi zako

Barabara ya moramu iliyoshindiliwa ndiyo bora kwa mazoezi mengi. Wakimbiaji wa Iten na Kaptagat nchini Kenya hufanya sehemu kubwa ya kazi yao kwenye barabara za udongo, na bado hushinda kwenye lami za miji mikubwa. Ubaya wake ni kokoto zilizolegea kwenye mteremko na mashimo baada ya mvua. Kifundo huteguka hapo.

Nyasi za uwanja wa mpira ni laini, ila zikaguliwe kwanza kwa kutembea mzunguko mmoja, maana shimo lililofichwa na majani ni hatari kuliko kilomita nyingi za lami.

Mchanga mlaini wa pwani hudanganya. Kukimbia humo hutumia nguvu karibu mara 1.6 ya kukimbia pagumu, kisigino huzama, na ukano wa nyuma ya kisigino pamoja na kigimbi huvutwa kupita kawaida. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa anayeanza. Mchanga mbichi ulioshikamana, maji yakiwa yamekupwa, ni habari nyingine: ni tambarare na una ulaini wa wastani. Lakini panga na bahari. Dar es Salaam na Zanzibar, siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupwa sana katikati ya asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Kupwa husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo anayekimbia saa 12 asubuhi atapata ufuko mzuri siku chache tu kila baada ya wiki mbili, na nyakati hizo ufuko unaoachwa wazi huwa mwembamba. Ukiona ufuko umeinamia baharini, kimbia nusu ya muda kwenda na nusu kurudi, ili mguu uleule usitue chini safari nzima. Vaa viatu, vigae vya chupa na miiba ya viumbe wa baharini havichagui mgeni.

Lami nayo ina siri yake. Imeinuliwa katikati na kuteremka kandoni ili maji ya mvua yaende mtaroni. Kwetu magari hupita kushoto, na mkimbiaji mwenye busara hukimbia upande wa kulia ayaone yanayomjia. Hapo mguu wake wa kulia unatua chini kuliko wa kushoto, kila hatua, kila siku. Baada ya wiki kadhaa maumivu huja upande wa nje wa goti moja au kwenye nyonga moja, na mtu anashangaa kwa nini upande mmoja tu. Tafuta kipande kisicho na magari, barabara ya ndani ya mtaa au ya chuo, ambako unaweza kukimbia katikati au kubadilisha upande kwa usalama. Pevingi kwa kawaida haiteremki sana, ila angalia vitofali vilivyonyanyuka ncha.

Kupunguza kishindo

Sikiliza miguu yako mahali pa kimya. Ukisikia kishindo, una hatua ndefu: mguu unatua mbele sana ya mwili, goti likiwa limenyooka, na hufanya kazi ya breki. Dawa ni kufupisha hatua na kuziongeza idadi kwa kasi ileile. Hesabu mguu wa kulia unatua mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 38, ni hatua 152 kwa dakika. Lenga nyongeza ya asilimia 5, yaani mara 40 kwa sekunde 30, hatua 160. Nyongeza ndogo hiyo hupunguza mzigo wa goti na nyonga. Usilazimishe safari nzima. Fanya dakika 1 kati ya kila dakika 5 mpaka iwe tabia, na jihadhari, kwa kuwa kigimbi kitafanya kazi zaidi.

Kigimbi chenyewe kinahitaji kujengwa. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, panda kwa vidole, shuka polepole kwa sekunde 3. Mara 12, seti 3, goti likiwa limenyooka. Kisha rudia goti likiwa limekunjwa kidogo, maana msuli wa chini wa kigimbi hufanya kazi hasa goti likikunjwa. Siku mbili au tatu kwa wiki. Anza na miguu miwili. Ikiwa nyepesi, mmoja mmoja.

Raba, hasa za mitumba

Wengi wetu hununua raba za mitumba, na hakuna ubaya ukijua cha kuangalia. Juu inaweza kung'aa na sponji ya kati ikawa imekufa. Bonyeza sponji kwa dole gumba ubavuni, chini ya kisigino: ikiwa ngumu kama kisoli cha kandambili kuukuu, iache. Tazama ubavu kwa karibu. Mikunjo myembamba iliyolala ambayo haifunguki ni alama ya sponji iliyokandamizwa. Iweke juu ya meza, chuchumaa, itazame kwa nyuma. Ikiwa imeinama upande mmoja, imeumbwa na mguu wa mtu mwingine na itakupeleka alikokuwa akienda yeye. Kubadilisha soli ya ndani hakufufui sponji ya kati.

Raba nzuri hudumu takriban kilomita 500 hadi 800. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na acha nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Zikilowa, jaza magazeti na uzianike kivulini. Jua kali na joto la jiko huharibu gundi na kukaza sponji.

Kutoka kwenye baiskeli

Dakika za kwanza baada ya kushuka kwenye baiskeli miguu huwa kama magogo. Paja limechoka, hisia ya hatua imepotea, na mtu hukanyaga ardhi kwa kishindo bila kujua. Zoezi la kuunganisha lianze wiki ya 5, mara moja kwa wiki: baiskeli dakika 30 hadi 40, kisha mbio dakika 5 kwenye moramu. Ongeza hadi dakika 10, halafu 15, na wiki za mwisho tu uhamie lami. Dakika hizi zihesabiwe ndani ya mbio za siku hiyo, zisiwe nyongeza juu yake. Kilomita 2 za mwisho za baiskeli weka gia nyepesi, zungusha pedali mara 85 hadi 95 kwa dakika. Ukianza kukimbia, mita 800 za kwanza ziwe za hatua fupi na polepole kuliko unavyotamani.

Maumivu ya kusikiliza

Yapime kwa 0 hadi 10. Yasiyozidi 3, na yaliyoisha asubuhi inayofuata, yanavumilika. Maumivu yaliyotapakaa upande wa ndani wa goko, urefu wa vidole vitatu au zaidi, yanataka kupunguza mbio kwa nusu na kurudi kwenye ardhi laini. Lakini ukiweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yakikuamsha usiku, au ukishindwa kuruka mara moja kwa mguu huo, acha kukimbia siku hiyohiyo na umwone daktari: huenda ni ufa wa mfupa. Eksirei ya wiki mbili tatu za kwanza inaweza kuonekana safi hali ufa upo, basi isikurudishe barabarani kama maumivu bado yapo. Mweleze daktari, kipimo cha MRI huuona mapema zaidi.

Usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili ukimbie. Hufunika ishara unayoihitaji, na mwili ukiwa na upungufu wa maji kwenye joto letu, figo huumia. Mwanamke ambaye hedhi imekosekana miezi mitatu bila ujauzito tangu aongeze mazoezi naye amwone daktari, kwa kuwa mara nyingi chakula hakitoshi na mifupa ndiyo inayolipa. Kula vya kutosha. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri cha kalsiamu na ni rahisi kupatikana.

Baada ya mapumziko, kipimo cha kurudi ni kutembea dakika 30 kwa haraka bila maumivu, siku hiyo na kesho yake. Ukifaulu, rudi kwenye dakika 1 ya kukimbia na 2 za kutembea, juu ya nyasi au moramu, hata kama kabla ya kuumia ulikuwa unamaliza kilomita 5.