Kabla ya Kikao, Kila Mtu na Karatasi Yake

Vikao vingi vya kazi hapa kwetu, Unguja na Pemba, vina mwendo unaofanana. Mkuu wa afisi anafungua kwa dua, anaeleza tatizo, kisha anasema: "Haya, toeni mawazo." Watu wanatazamana. Anaanza mtu mzima mmoja anayeheshimika, wa pili anamuunga mkono, wa tatu anaongeza kidogo. Saa mbili baadaye maazimio yanayoandikwa ni yale yale yaliyosemwa mwanzoni. Kijana wa mapokezi, anayekabiliana na wananchi tangu afisi inapofunguliwa, hakunyanyua mdomo.

Sisi tunaofundisha watumishi huulizwa mara nyingi: mawazo mapya hupatikana watu wakikaa pamoja, au kila mmoja akifikiri peke yake? Yote mawili yanahitajika. Tatizo letu ni kwamba tunaanza na kile kilichofaa kuja baadaye.

Kubungua bongo kwa pamoja kulienezwa na Alex Osborn, Mmarekani aliyekuwa kiongozi wa kampuni ya matangazo ya biashara ya BBDO, katika miaka ya 1940 na 1950. Aliweka masharti manne: wazo lisikosolewe linapotolewa, hata la ajabu likaribishwe, yatafutwe mawazo mengi kwanza, na mtu ajenge juu ya wazo la mwenzake. Ni masharti mazuri, na mpaka leo ninayafundisha. Lakini Osborn aliamini pia kwamba mtu akiwa kikundini hutoa mawazo mengi zaidi, na hapo utafiti haukumuunga mkono. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne waliofikiri kila mmoja kivyake, mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja. Waliofikiri kivyao walipata karibu mara mbili ya wenzao.

Sababu kubwa ni kusubiri zamu. Watafiti Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walilionesha hilo mwaka 1987 kwa majaribio yaliyofanyika Ujerumani. Waliwaweka watu katika vyumba tofauti, lakini baadhi yao hawakuruhusiwa kusema mwenzao alipokuwa akisema. Hao waliongojeshwa walitoa mawazo machache, ingawa walikuwa peke yao chumbani. Anayesubiri ana kazi ya kushikilia wazo lake lisipotee, huku akimsikiliza mwengine; zamu ikimfikia, ama amelisahau ama ameona halina maana tena. Iko pia tabia ya kutegea, mtu kunyamaza akijua wapo wengine watakaosema.

Na ipo hofu ya kuhukumiwa, ambayo kwetu ina uzito wake. Tumelelewa kwamba mdogo hamtangulii mkubwa kusema, wala hampingi mbele za watu. Adabu hiyo sitaki ivunjwe. Ndiyo inayotuwezesha kukaa pamoja. Ninachotaka ni kumpa mdogo njia ya kutoa alilonalo bila kuonekana amekosa adabu, na karatasi ni njia nzuri sana. Aliyeandika hajamkatiza mtu wala hajashindana na mzee wake.

Chukua afisi ya Chake Chake inayotaka kupunguza foleni ya asubuhi. Siku moja kabla ya kikao, swali lipelekwe kwa kila mtumishi, dereva na mhudumu wakiwamo, na liwe swali mahsusi: "Nini kinamchelewesha mwananchi kuanzia mlangoni mpaka anapopata huduma, na tufanye nini?" Kila mmoja aandike mawazo yake, lau matatu, bila jina. Asiyependa kuandika amweleze mtu anayemwamini amwandikie. Kikao kianze kwa kuyasoma yote, na la mkuu wa afisi lichanganywe humo humo.

Hapo sasa ndipo watu wanapohitajiana. Mapokezi atasema fomu moja inajazwa mara mbili. Wa masjala atajua ni faili gani linalosababisha hivyo. Mhasibu ataeleza malipo yanapokwama. Hakuna hata mmoja ambaye angeliona jambo zima peke yake. Mwaka 2010 watafiti Girotra, Terwiesch na Ulrich walichapisha jaribio ambamo watu walifikiri peke yao dakika 10, kisha pamoja dakika 20. Walipata mawazo mengi na bora zaidi kuliko waliokaa pamoja dakika zote 30.

Tahadhari moja katika kuchagua: vikundi hupendelea linalotekelezeka kirahisi na kuliacha lililo jipya. Kwa hiyo kabla ya kupiga kura, kubalianeni vigezo, na upya wa wazo uwe kimojawapo. Kisha kila mtu apewe nafasi ya kufikiri tena peke yake, hata usiku mmoja. Wazo lililozimwa na maneno mengi ya kikaoni mara nyingine hurudi mtu akiwa ndani ya daladala.

Kwa taasisi zenye makao makuu Unguja na afisi Pemba, mengi haya sasa hufanyika katika kundi la WhatsApp, na makosa ya ukumbini yamehamia humo. Mkurugenzi akiandika wazo lake asubuhi, mpaka mchana kundi limejaa "sawa kabisa mkuu" na alama za makofi. Ushauri wangu kwa viongozi ni huu: swali liwekwe kundini, lakini majibu yatumwe kwa katibu mmoja kwa ujumbe wa faragha. Katibu ayaandike bila majina na kuyarudisha yote kwa pamoja siku na saa iliyotangazwa. Mkurugenzi na Afisa Mdhamini wa Pemba, yaani mkuu wa afisi ya huko, nao watume yao kwa katibu huyo huyo, kwa muda ule ule waliopewa wengine.