Mapazia mawili na mwanya: shata ya kamera inavyofanya kazi

Ukiiweka kasi ya shata, yaani mlango unaofungua na kufunga njia ya mwanga ndani ya kamera, kwenye 1/1000, ni rahisi kuamini kwamba picha nzima imenaswa ndani ya 1/1000 ya sekunde. Sivyo. Kila sehemu ya picha imeona mwanga kwa muda huo, lakini sehemu zote hazikuuona kwa wakati mmoja. Mimi ni fundi wa kamera, shata ndiyo kazi yangu ya kila siku, na ninaona kwamba mpiga picha akishalielewa hili, mengi anayoyalaumu kwenye lenzi au flashi yanajieleza yenyewe.

Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zina mapazia mawili mbele ya kihisi (bamba linalonasa mwanga na kuugeuza picha), kila moja likiwa limeundwa kwa visu vyembamba vya chuma au kaboni. Ukibonyeza kitufe, pazia la kwanza linakimbia kuacha kihisi wazi. Muda uliouchagua ukiisha, la pili linalifuata na kukifunika. Kwenye 1/60 la kwanza hufika mwisho kabla la pili halijaondoka, kwa hiyo kipo kitambo ambacho kihisi chote kiko wazi. Ila mbio za mapazia zenyewe hazibadiliki hata ukizungusha gurudumu la kasi mpaka 1/4000. Katika kamera nyingi za sasa, kukivuka kihisi huchukua kama 1/250 au 1/300 ya sekunde, basi. Kinachobadilika ni nafasi kati yao. Ukitaka 1/1000, pazia la pili linaondoka la kwanza likiwa bado njiani, na kinachopita mbele ya kihisi ni mwanya tu. Kwa kihisi chenye kimo cha milimita 24, mwanya wa 1/4000 ni kama milimita 1.5. Picha yako imepakwa mwanga kama ukuta unavyopakwa rangi kwa brashi nyembamba, kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Hapo ndipo shida ya flashi inapotoka. Flashi huwaka na kuzima upesi sana, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde. Ikiwaka wakati mwanya uko katikati ya safari, utepe mmoja wa picha unapata mwanga na kwingine kote giza. Ndiyo maana kamera huweka kikomo cha kasi ya shata kwa flashi, mara nyingi 1/200 au 1/250. Kamera nyingi za filamu zenye mapazia ya kitambaa yaliyokimbia kwa mlalo ziliishia 1/60, maana yalikuwa na milimita 36 za kuvuka badala ya 24. Tafadhali, ukiona nusu ya picha ya flashi imekuwa nyeusi, angalia kasi kabla hujampelekea fundi pesa zako. Mara nyingi shata ni nzima kabisa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni picha ya gari la mashindano aliyopiga Mfaransa Jacques Henri Lartigue mwanzoni mwa miaka ya 1910. Gurudumu limegeuka yai na kuegemea mbele, huku watazamaji na nguzo za kando ya barabara wakiegemea nyuma. Mwanya wa shata yake ulisafiri kwa wima, tena polepole. Ulianza na sehemu ya chini ya gurudumu, na ulipofika juu yake gari lilikuwa limeshasonga mbele. Naye alikuwa anaigeuza kamera kulifuata gari, kwa hiyo vitu vilivyosimama vikapinda upande wa pili. Leo watu huona mbio ndani ya upindaji ule, na mimi naona wako sahihi: shata ilirekodi mwendo kwa uaminifu, ila kwa kufuata mpangilio wake yenyewe.

Shata ya kielektroniki imelirudisha jambo hili kwa nguvu. Haina mapazia, kihisi husomwa mstari baada ya mstari, na kwenye kamera nyingi kazi hiyo huchukua kama 1/30 ya sekunde hata kama umeweka 1/8000. Propela ya ndege hupinda kama mundu. Taa za LED zinazopepesa huacha mistari ya giza na mwanga, kwa sababu kila mstari umesomwa taa ikiwa katika hali tofauti. Penye umeme wa hezi 50, shuka hadi 1/100 au 1/50, au rudi kwenye mapazia. Simu nazo husoma hivihivi, na mlio unaousikia ni sauti iliyorekodiwa.

Sony ilitangaza a9 III mwaka 2023, kamera ya fremu kamili (kihisi cha milimita 36 kwa 24) ambayo nukta zote za kihisi hunasa mwanga kwa pamoja. Upindaji umekwisha na flashi inakubali kasi yoyote. Gharama yake ni kwamba ISO yake ya kawaida, yaani kipimo cha wepesi wa kihisi kuitikia mwanga, inaanzia 250.

Wapiga picha za studio wamekuwa na njia nyingine tangu zamani: shata ya visu iliyo ndani ya lenzi, inayofunguka kutoka katikati kama mboni ya jicho. Kihisi chote hupata mwanga pamoja, na mlio wake ni mdogo. Nyingi za zamani hazivuki 1/500, lakini kwa picha za sura chini ya flashi bado ndiyo ninayoipendekeza.

Kama una wasiwasi na mapazia yako, usiyaguse kwa kidole wala kuyapulizia hewa ya kopo. Piga ukuta mweupe wenye mwanga sawa, usitumie flashi, anza 1/250 uende hadi kasi ya juu kabisa, ukirekebisha ISO ili mwanga wa picha usibadilike. Kwenye kasi za chini hutaona kitu. Ikiwa kwenye 1/4000 upande mmoja unaingia giza, pazia moja limechoka: la pili linalikaribia la kwanza njiani, mwanya unabanwa, na upande wa mwisho unapata mwanga kidogo kuliko wa mwanzo. Hiyo ndiyo picha ya kumwonyesha fundi.