Chanjo ya nyongeza ni nini, na kwa nini wengi huikosa?

Chanjo ya nyongeza ni dozi anayopewa mtu aliyekwisha kumaliza dozi zake za mwanzo, ili kuamsha kinga iliyoanza kufifia mwilini. Si kila sindano ya kurudia ni nyongeza. Zile za pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano) apewazo mtoto wa Kenya akiwa na wiki 6, 10 na 14 ndizo kwanza zinajenga kinga. Hata dozi ya pili ya surua kazi yake hasa ni kuwapata watoto ambao ya kwanza haikuwashika.

Nyongeza halisi ni kama dozi ya 4 ya chanjo ya malaria, RTS,S, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya Septemba 2019 kwa ratiba ya miezi 6, 7, 9 na 24. Katika majaribio makubwa yaliyofuatilia watoto kwa takriban miaka 4, dozi 3 zilipunguza malaria kwa asilimia 28 hivi. Walioongezewa ya 4 walifikia asilimia 36. Inasaidia, na bado ndiyo inayokoswa zaidi.

Wepesi wa kulaumu husema ni uvumi. Uvumi upo, lakini mama aliyekwenda kliniki mara tatu kwa sindano hiyohiyo utamwitaje mpinga chanjo? Tazama kalenda. Kutoka mwezi wa 9 hadi wa 24 ni miezi 15. Mtoto keshaanza kukimbia, hapelekwi tena kupimwa uzito, huenda mama ana mimba nyingine. Wamehama, na kitabu cha kliniki kimebaki kwa bibi. Akikumbuka, kuna nauli na kibarua cha siku hiyo. Akifika anaambiwa chanjo imeisha, arudi wiki ijayo. Wapo wasiorudi.

Kuna na hesabu anayoipiga mama mwenyewe: mtoto alichanjwa, alichemka homa usiku kucha baada ya sindano, kisha malaria ikampata vilevile. Ya nne ya nini? Swali hilo ni la haki. Jibu lake, kwamba chanjo hupunguza malaria bila kuizuia yote, lilipaswa kutolewa na nesi siku ya dozi ya kwanza.

Mwaka 2014 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani walizigawa sababu za watu kusita kuchanja katika mafungu matatu: kuiamini au kutoiamini chanjo, kubweteka kwa kuuona ugonjwa si tishio, na urahisi wa kuipata. Kwa watoto, naona urahisi ndio mzito. Kwa watu wazima ni kubweteka: UVIKO-19 ulipoacha kujaza wodi, waliopanga foleni kwa dozi ya kwanza hawakuona sababu ya kuipangia nyongeza.

Ghana ilikuwa na tatizo hilohilo la mwezi wa 24. Ikaisogeza dozi ya 4 hadi mwezi wa 18, mtoto aipate siku anayoletwa kwa surua ya pili.