Lafudhi ya Uganda ugenini: dhana potofu na ukweli

Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, vijana wanaojiandaa kwenda kyeyo, yaani kufanya kazi ughaibuni, huniuliza jambo moja kabla hata ya nauli: nitaongeaje huko? Wameshaambiwa mengi, na mengi si kweli.

Dhana: Kiingereza cha Uganda ni makosa matupu.

Ukweli: Kina mantiki yake, nayo imetoka kwenye lugha zetu. Rafiki asiyekuona kwa miezi atakuambia "you are lost". Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo: umepotea, siku nyingi hatujaonana. Akikukuta unafua atakuambia "well done". Mwingereza atadhani ni pongezi ya kumaliza, kumbe ni "gyebale ko" ya Kiganda, salamu ya kumshukuru mtu kwa kazi aliyo nayo mkononi. Hata "first wait" ni "sooka olinde", yaani subiri kwanza. Kwangu hiyo ni adabu ya nyumbani iliyovaa maneno ya kigeni, na sioni cha kuficha.

Dhana: Hakuna kamusi inayoyatambua maneno yetu.

Ukweli: Mwaka 2022 kamusi kubwa ya Oxford iliongeza maneno mengi ya Afrika Mashariki, ikiwemo katogo, chakula chetu cha matoke yaliyopikwa pamoja na vitu vingine.

Dhana: Kujivunia lafudhi yako ni kukataa kujifunza.

Ukweli: Mtu wa Arua husema Kilugbara nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza ofisini, na hakuna anayemwita mkaidi. Ukiwa Uingereza unamhudumia mgonjwa, tumia maneno anayoyaelewa. Hilo ni jambo la lazima. Lakini si lazima ubadilishe sauti yako.

Dhana: Usipobana ulimi uongee kama Mwingereza, hutaheshimiwa.

Ukweli: Mimi niliubana mwaka mzima, na kilichoongezeka ni uchovu tu. Kisha siku moja, dukani Leicester, Uingereza, foleni imesongamana, nikajisahau nikamwambia kijana aliyekuwa mbele yangu, "Please extend," yaani asogee kidogo. Mzee wa Kihindi kwenye kaunta akaacha kuhesabu sarafu. "Wewe mtu wa Uganda," akasema, kwa Kiswahili. Yeye aliondoka Kampala mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini. Akaniuliza habari za Nakasero, kama soko bado liko palepale, mpaka watu nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Nilipochukua mfuko wangu nikamwambia, "Well done, ssebo," yaani bwana.

"Kale," akajibu, yaani sawa kwa Kiganda, akarudi kwenye sarafu zake.