Brayari: neno lililobebeshwa miiba isiyo yake

Siku hizi kila kiko cha kuvutia tumbaku chenye rangi ya kahawia kinaitwa "brayari halisi", na ukiuliza brayari yenyewe ni kitu gani unajibiwa bila kusita: mzizi wa waridi mwitu. Wengine husema mzizi wa mchongoma. Waridi halihusiki hapa, mchongoma hauhusiki, na hata huo mzizi una mgogoro wake.

Brayari ni mbao ya nundu ya kichaka kiitwacho Erica arborea. Nundu hiyo huota pale shina linapokutana na mizizi, nusu yake ikiwa imefukiwa udongoni. Ni ngumu, nyuzi zake zimesongamana, inanyonya unyevu na haishiki moto upesi. Basi.

Sasa tuje kwenye jina, maana uchafu wote umeingilia hapo. Wafaransa wanakiita kichaka hiki bruyère, na neno hilohilo hulitumia kwa nyika kinakoota. Limetokana na Kilatini cha zamani za mwisho, brucaria, ambacho nacho kimejengwa juu ya neno la Wagalia, wenyeji wa kale wa Ufaransa. Viko vya mbao hii vilishika kasi katikati ya karne ya 19 katika mji wa Saint-Claude, kwenye milima ya Jura. Vilipovuka kwenda Uingereza miaka ya 1860, Waingereza walijaribu kwanza kuliandika jina kwa kufuata Kifaransa. Ulimi haukulikubali. Nyumbani kwao tayari kulikuwa na neno la kale, brier, la mimea yenye miiba, waridi mwitu likiwemo, na jina geni likavutwa hadi likafanana nalo. Ni maneno mawili yasiyo na undugu yaliyokutana njiani na kuvaa kanzu moja.

Mfasiri anayekutana na neno hilo la Kiingereza anafungua kamusi, anapata mbigili au mchongoma, anaandika. Kazi yake ameifanya kwa uaminifu, ila neno alilolifasiri silo. Erica arborea haina mwiba hata mmoja. Ina vijani vyembamba kama sindano na vimaua vyeupe vidogo, na hukua kandokando ya Mediterania: Corsica, Sardinia, Calabria, Ugiriki, Algeria. Inaota hata kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, ingawa nundu za kuchongea viko huchimbwa huko Mediterania.

Habari ya mzizi imetoka kwa Waitaliano, wanaoiita mbao hii radica, yaani mzizi. Kwa mazungumzo ya kawaida hakuna ubaya. Lakini anayeeleza kiko kinavyotengenezwa hana budi kutofautisha, kwa sababu mizizi yenyewe ni myembamba na hukatwa ikatupwa. Nundu ndiyo ghala la kichaka: hapo ndipo kinapoweka akiba ya maji na chakula, na moto ukipita juu ukateketeza matawi yote, machipukizi mapya hutokea hapohapo. Huchukua miongo kadhaa kufikia ukubwa wa kufaa. Ikishachimbwa huwekwa mahali penye unyevu, kwani ikiachwa juani inapasuka. Mkataji anaipasua kwa msumeno, anaondoa kiini chekundu chenye nyufa, kisha anafuata nyuzi. Vipande vya upande wa nje, vilivyobaki na gome, huitwa plateaux. Vya ndani zaidi ni ébauchons. Hapo vinachemshwa kwa saa 12 au zaidi ili utomvu na tanini vitoke, halafu vinakaushwa taratibu kwa miezi mingi. Vikiharakishwa, ufa huja. Visipochemka vizuri, kiko kipya kitakuwa kichungu hata ukijaze tumbaku gani.

Na nyuzi zile zinazosifiwa kwa bei? Ubavuni mwa bori, yaani pale inapokaa tumbaku, nyuzi zikisimama wima, unaona mistari iliyonyooka. Zikitazamwa kichwani, hizohizo zinakuwa vidoadoa kama macho ya ndege. Ni pambo, moshi haujui. Vivyo hivyo ngozi ya kiko yenye mikwaruzo, iliyopigwa mchanga: upepo wa mchanga hula sehemu laini na kuacha ngumu. Mara nyingi fundi huichagua ili aondoe vishimo vilivyojitokeza juu ya mbao, jambo ambalo ni la haki kuliko kuviziba kwa gundi na unga wa mbao na kupaka rangi nzito.

Kosa la pili ni kulitumia "brayari" kama cheti cha ubora. Brayari ni malighafi. Ubora wa kiko uko kwenye utoboaji, na hapa tunayo bahati ya kuwa na majina yetu tangu enzi za kiko cha maji: bori tumeshaitaja, digali ni shingo inayotoka kwenye bori, shilamu ni kipande kinachoingia mdomoni. Tundu la moshi, lenye upana wa milimita 3.5 hadi 4, linapaswa kutokea katikati kabisa ya sakafu ya bori. Likitokea milimita 3 juu zaidi, tumbaku ya chini haiungui, inabaki tope. Likienda pembeni, ukuta wa upande mmoja unakuwa mwembamba, na huo ndio unaochomeka kwanza.

Kisha kuna ulimi wa shilamu unaozama ndani ya digali. Ulimi ukiwa mfupi kuliko tundu lake, pengo linabaki, moshi unapoa hapo na kuacha maji, na kiko kinaanza kukoroma. Kwenye kiko cha maji mkoromo huo una jina lake, malio, na ni raha ya mvutaji. Kwenye kiko kikavu ni dalili ya kazi mbovu, au ya mvutaji mwenye pupa. Kipime kwa waya wa kusafishia uliovishwa pamba: uingize kwenye shilamu bila kuichomoa, nao ufike chini ya bori bila kukwama popote. Na usichomoe shilamu kiko kikiwa cha moto. Digali limevimba kwa joto na unyevu, na ufa wa hapo hauna dawa ya maana.

Shilamu ikigeuka rangi na kuwa ya kijani-kahawia, huo ni mpira mgumu wenye salfa uliopigwa na jua. Brayari haina hatia.

Kwa hiyo anayesema "kiko cha brayari" yuko sawa, aachwe. Akiongeza "mzizi wa waridi", mtajie nundu, na umwambie mizizi ilibaki shambani. Akisema "ni brayari, basi ni kizuri", mpe ule waya.