Mlima Haukuulizi Umekimbia Kilomita Ngapi

Juzi kaja mwingine. Kijana wa Chumbageni, Tanga, saa ya mazoezi mkononi, anataka Kilimanjaro kwa siku tano. "Kaka, mimi kila alfajiri Raskazone, kwenda na kurudi mara tatu. Hiyo altitudi itanipatia wapi?" Maneno haya nimeyasikia tangu nianze kuongoza watu mlimani, na kila anayeyasema hudhani yeye ndiye wa kwanza. Safari hii nimeamua kuandika, ili wa kesho nimtumie asome huku mimi nikinywa chai yangu.

Mdogo wangu, altitudi, yaani urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, haihesabu misuli. Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawa na unayovuta pale ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo, kwa hiyo ukiwa mita 5,895 kila pumzi inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea Tanga. Mwili unajua la kufanya: unapumua zaidi, na figo zinamwaga chumvi iitwayo bikaboneti kwenye mkojo ili pumzi iweze kuendelea kuongezeka. Kazi hiyo inataka siku kadhaa, na hakuna mbio za usawa wa bahari zinazoiharakisha. Mazoezi yatakufanya usichoke upesi, basi. Ugonjwa wa altitudi, yupo anayeupata, yupo asiyeupata, na cha kuangalia kwanza ni kama uliwahi kuugua huko juu, pili ni kasi yako ya kupanda. Hapo ndipo mwenye mazoezi anapojiponza: ana nguvu za kuwahi kufika mahali ambapo mwili wake bado haujafika.

Nilikuwa na mcheza mpira mmoja, miguu ya chuma, siku zote yuko mbele ya wenzake. Tumefika Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, alasiri. Jioni naona bakuli lake la supu limefanya utando wa mafuta juu, kijiko kikavu. Nikamuuliza, akacheka, "uchovu tu, kaka." Nikamtoa nje, nikachora mstari vumbini kwa fimbo: tembea juu yake, kisigino kiguse vidole. Hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu akaenda upande kama aliyeshinda kilabuni kwenye tembo la mnazi. Huo si uchovu, huo ni ubongo unaanza kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, si asubuhi. Tukamfunga kwenye ile machela ya tairi moja, wagumu, yaani wapagazi wetu, wakamshusha gizani. Tulipofika Horombo, kambi ya chini yake, aliomba chai ya maziwa, na sukari akaongeza mwenyewe. Mpaka leo ukimuuliza anasema ilikuwa ile supu.

Sasa piga hesabu ya hizo siku tano za njia ya Marangu. Unalala Mandara, kama mita 2,700. Kesho Horombo, 3,700. Keshokutwa Kibo, 4,700, na usiku huo huo unaamshwa kwenda kileleni. Kila siku mita elfu moja, wakati ushauri wa madaktari ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Siku tano zinaruhusiwa, ni kweli, na kuna kampuni zinazouza kwa sababu ni rahisi. Kuruhusiwa hakujafanya mapafu yako yawe mapya. Mimi sipandishi mtu wa pwani bila kulala Horombo usiku wa pili: mchana tunatembea hadi Zebra Rocks, tunakaa kidogo, tunarudi kulala chini.

Na kama huniamini mimi, mtazame Hans Meyer, yule Mjerumani aliyetaka kuwa wa kwanza kileleni. Mwaka 1887 alishindwa. Mwaka 1888 mlima hata hakuufikia: vita vilizuka huku kwetu, akatiwa mbaroni na watu wa Abushiri, kiongozi wa vita hivyo, hakuachiwa mpaka ilipolipwa fidia. Mwaka 1889 akarudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, pamoja na vifaa vya barafu. Hayo kila mtu anayasimulia. Ninaloling'ang'ania mimi ni kambi zake: chakula kilikuwa kinapandishwa kutoka chini, kwa hiyo hakulazimika kuteremka kila mara. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakageuza. Wakarudi kambini, wakapumzika, na tarehe 6 wakafika kileleni. Mzungu mwenye haraka zote za dunia naye alilazimika kungoja.

Sasa yale mengine ninayoambiwa kila safari. "Diamox inaficha ugonjwa." Hii dawa ya altitudi haifichi. Inazisukuma figo zifanye mapema ile kazi ya bikaboneti, ndiyo maana utakojoa sana na vidole vitachonyota. Ukipona kwayo, umepona kweli. Inayofunika dalili ni dawa nyingine, deksamethasoni, na hiyo si ya kumeza ili upande. Ongea na daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Usinywe kwa kuambiwa na shemeji.

"Kunywa maji lita sita, hutaugua." Utakojoa lita sita. Kunywa ya kutosha, mkojo uwe mweupe kiasi. Kuyabugia kunaweza hata kuzimua chumvi ya damu, na kichwa kikauma kwa sababu nyingine kabisa. Kitunguu saumu na tangawizi, tia kwenye mchuzi, vinanukia.

"Nifundishe kwanza kamba na shoka la barafu." Njia za kawaida za Kilimanjaro hazitaki kamba. Penye mwinuko mkali hasa ni njia ya Western Breach, na pale kamba haikusaidii na kinachoua: Januari 2006 Wamarekani watatu walifariki kwa kuangukiwa na mawe. Pale ni helmeti, na kupita mapema kabla jua halijayeyusha barafu inayoyashika mawe. Ukitaka kamba kweli, nenda Batian, kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, ila ujifunze mwaka mzima kwanza.

"Kushuka ni bure." Hapa nitarefusha kidogo maana ndiyo mazoezi pekee ninayoyapenda. Magoti na mapaja yanaumia kwenye kuteremka, kwa sababu msuli unafanya kazi huku unavutwa. Achana na mbio za Raskazone, panda gari hadi Lushoto, shika vijia vya ukingo wa Irente vinavyotazama Mazinde, na begi la kilo nane mgongoni. Shuka kwa hatua fupi, goti likunjwe, mguu utue wote. Mara ya kwanza utashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume siku tatu. Lushoto haitakuzoesha altitudi, Usambara yote haifiki mita 2,500, lakini magoti itakutengenezea.

"Sisi weusi jua halituchomi." Ngozi labda itavumilia. Macho hayana rangi. Theluji inarudisha usoni sehemu kubwa ya mionzi ya jua, na huko juu mionzi yenyewe ni mikali kuliko ya huku. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda na miwani niliyonunua Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, kioo cheusi tii na kinga hakina. Kushuka, jioni ile macho yakawa kama yamemwagiwa mchanga, nikashikwa mkono na mgumu hadi Horombo, mimi kiongozi, nikihesabiwa kila jiwe: "Inua. Weka. Inua tena, kaka."