Uwanja Mtupu Si Uwanja Salama

"Tung'oe hii miembe, tusawazishe, tumwage zege ukuta kwa ukuta. Watoto wasijikwae."

Aliyesema hivyo wiki iliyopita ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya bweni yenye watoto wasioona, wenye ualbino na wenye ulemavu wa akili. Anawapenda watoto wale, sina shaka hata kidogo. Lakini kauli hiyo nimeikuta karibu kila shule ya namna hii niliyoitwa kubuni mandhari yake, Mtwara na Lindi, na mwembe ukishakatwa, kivuli chake hakirudi kabla ya mtoto wa darasa la kwanza kumaliza shule ya msingi. Ndiyo maana naandika.

Mtoto anayetembea kwa fimbo nyeupe anahitaji kitu cha kufuata. Mweke katikati ya zege pana: fimbo inatoa mlio uleule kila upande, nyayo zinahisi kitu kilekile, ukuta uko mbali. Ni mvuvi aliyeachwa baharini usiku bila nyota. Atasimama pale alipo, au atangoja kushikwa mkono. Na huyu si mtoto wa kutwa anayerudi kwao saa tisa. Anaishi hapo miezi mfululizo. Akizoea kushikwa mkono, lini atajifunza kwenda chooni peke yake?

Kinachomwongoza ni tofauti kati ya kitu na kitu. Ukingo wa njia ulioinuka sentimita 10 hivi, ambao fimbo inaweza kuufuata. Udongo ulioshindiliwa unaogeuka kuwa tofali mbele ya mlango wa bwalo. Kivuli kinachoigusa ngozi ghafla baada ya jua, akajua ameufikia mwembe wa bwenini. Mimi hupenda kupanda mvinje mmoja karibu na bweni: kusi ikianza kuvuma, mti ule unaimba, na mtoto aliye bombani anajua kwao ni upande gani. Mlangoni mwa darasa naweka mrehani, kwenye njia ya jikoni mchaichai, ili harufu nayo imwelekeze. Wapo wanaoniambia hiyo ni anasa ya Ulaya. Shina la mchaichai unapewa bure na jirani.

Sasa watoto wenye ualbino, ambao zege linawaumiza kuliko wote. Ngozi yao ina kinga ndogo sana dhidi ya jua na macho yao hayavumilii mwanga mkali. Tunawapa kofia pana, tunawapaka losheni, halafu tunawasimamisha kwenye sakafu nyeupe inayorudisha mwanga kutoka chini. Kofia haizuii mwanga unaotoka miguuni. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri mtoto huyu anatakiwa aweze kutoka bweni hadi darasani, bwalo na chooni akiwa kivulini karibu njia yote. Shule moja iliyokata miembe yake niliirudia baada ya muda: mapumziko, watoto hao walikuwa wamejibanza chini ya ukingo wa paa, wamepangana migongo ukutani, na uwanja wote uko wazi mbele yao. Picha ile haijanitoka.

Panda kwa kujua jua linapita wapi. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa Oktoba na tena Februari. Juni liko kaskazini, kivuli cha adhuhuri kinalala kusini mwa mti. Benchi liwekwe huko. Linalochoma zaidi ni la alasiri kutoka magharibi, basi upande wa magharibi wa uwanja wa michezo ndiyo uanze kupandwa.

Wapo pia watoto wanaotambaa. Nenda saa saba mchana, weka kiganja chako kwenye zege lile na uhesabu hadi kumi. Wao wanaliwekea magoti. Na mvua zetu za Desemba hadi Aprili zikilipiga, maji hayana pa kunywea. Yanakimbia hadi kwenye udongo wa mchanga na kuchimba korongo pembeni mwa njia.

Zege lina mahali pake. Njia kuu ziwe ngumu, maana mchanga na kokoto vinameza magurudumu ya kiti mwendo. Upana mita 1.5, na mita 1.8 pale viti viwili vinapopishana. Njia, siyo uwanja mzima.

Mengine ninayoambiwa nayajibu kwa kifupi.

"Rampu yoyote inatosha." Hapana. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Baraza la sentimita 45 linataka rampu ya mita 5.4. Ninazozikuta ni za mita moja na nusu. Mtoto hawezi kuipanda bila kusukumwa, na akishuka peke yake anaanguka.

"Mkorosho unatupa kivuli na hela." Shambani, ndiyo. Kati ya mabweni, hapana. Matawi yake yanainama hadi usoni, mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi na midomo, na wapo watoto wanaotia kila kitu mdomoni. Mabibo yaliyooza yanateleza na kuita nyuki. Halafu ukifika wakati wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, utawapeleka wapi wanaolala hapo?

"Uzio wa mnyaa ni wa bure." Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kumwondolea mtoto uwezo wa kuona. Ung'oeni. Mbono kaburi na mbarika pia, kwa sababu ya mbegu zake zenye sumu. Pandeni haibiskasi.

"Viziwi wanaona, mandhari haiwahusu." Wanazungumza kwa mikono, kwa hiyo wanahitaji kuonana. Ua kwenye kona usizidi kiuno, mabenchi yakae duara, na mwalimu asisimame jua likiwa mgongoni mwake, maana hapo wanaona kivuli cha mtu tu, si ishara zake.

"Hatari iko chini, miguuni." Fimbo inasoma ardhi, haisomi kilicho kwenye kimo cha shingo. Kateni matawi juu ya njia hadi mita 2.1. Na kamba za kuanikia nguo zinazokatiza kati ya bweni na choo, zihamisheni leo, kabla watoto hawajaamka usiku kwenda haja.